PIKIPIKI, HELMETI, NA SIKU YA KURUDI BARABARANI
Mazungumzo mbele ya wanachama wa reli, Nakuru



Kamati ilituomba sisi wa idara ya njia tuseme machache juu ya pikipiki. Walituchagua kwa sababu wengi wetu twaja kazini kwa pikipiki, ama zetu wenyewe ama za boda boda, na kwa sababu miongoni mwetu wamo walioanguka, wakalala hospitali, kisha wakarudi. Tulikaa pamoja jioni tatu tukapanga maneno haya. Mengine yametoka vinywani mwa walioanguka, mengine tumeyasoma, na mengine ni ya kazi yetu wenyewe ya mataruma na vyuma, maana tuliona mambo haya mawili hayako mbali.

Kila mmoja hapa ajua kwamba saa ya zamu haingoji matatu. Mtu akikaa Kaptembwo, Rhonda, Free Area au kule Lanet, naye atakiwa kazini saa kumi na moja alfajiri, atapata gari gani? Atapanda pikipiki. Boda boda ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia na Malaba, kuvusha watu kutoka boda hata boda, ndiyo asili ya jina. Serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo, karibu na mwaka 2008, pikipiki zikajaa nchi nzima. Leo ndiyo gari la maskini, gari la mgonjwa, gari la mtoto wa shule. Hatuwezi kusimama hapa tukawaambia wafanya kazi waache pikipiki. Tungekuwa twasema upuuzi.

Sheria mwaijua. Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, yamtaka mwendeshaji na abiria wake, wote wawili, wavae helmeti na jaketi yenye riflekta. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zikaongeza kwamba abiria ni mmoja tu. Hatukuja kuisoma sheria. Polisi huisoma kila siku pale barabarani kwa sauti kubwa. Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo polisi hamwulizi mtu, yaani kama ile kofia iliyo kichwani ni kofia kweli.

Tuanze na aibu ya nyumbani kwetu. Wako ndugu zetu wanaotoka kazini na kofia ya manjano ya kazi, ile tunayopewa tukiwa chini ya winchi au darajani, wakapanda nayo pikipiki wakaenda hata Njoro. Wasema, kofia ni kofia, nayo ni ya bure. Ndugu, kofia ile ilitengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu: nati, nyundo, kipande cha ubao. Ndani yake mna mikanda inayoishika mbali na utosi, basi. Pembeni haina kitu, nyuma haina kitu, na wengi huivaa bila ukanda wa kidevuni. Mtu akianguka na pikipiki, kofia ile hufika chini kabla yake, tena mahali pengine.

Helmeti ya pikipiki ina kazi nyingine, na yafaa tuielewe kazi hiyo, kwa kuwa mtu akiielewa hatadanganywa na muuza duka. Ganda la nje ni gumu, lasaidia kutawanya pigo na kuteleza juu ya lami. Lakini ganda silo linalookoa ubongo. Linaookoa ni povu gumu jeupe lililo ndani, jamaa wa lile linalofungiwa televisheni mpya katika boksi. Kichwa kikigonga chini, povu lile hubonyea na kusagika. Katika kubonyea huko, kichwa hupata nafasi ya kusimama polepole badala ya kusimama ghafula. Ubongo huelea ndani ya fuvu. Fuvu likisimama ghafula, ubongo waendelea kwenda na kujigonga ukutani. Wenzetu wanaounganisha mabehewa waijua habari hii. Bafa hupokea nguvu ya behewa linalokuja ili mzigo usipasuke. Povu ndiyo bafa ya kichwa, ila hii ni bafa ya safari moja tu. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyopokea pigo imekwisha kazi yake, hata kama rangi yake ingali inang'aa, na helmeti isiyo na povu ndani, bali sponji laini peke yake, haikuwa na kazi tangu ilipotoka kiwandani.

Hapa ndipo pa kumkamata muuza duka. Fungua kitambaa cha ndani kidogo, bonyeza kwa kidole gumba. Ukikuta sponji halafu plastiki, rudisha. Ukikuta sponji halafu povu gumu lenye unene, endelea kuangalia. Tafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Kwa zile zitokazo Ulaya tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, pamoja na nambari inayoanza na 05 au 06, ndiyo kipimo cha Umoja wa Mataifa kiitwacho Kanuni ya 22. Kwa za Marekani ni DOT. Karatasi ya alama yaweza kubandikwa na mtu yeyote mwenye gundi, basi usiiamini karatasi peke yake. Amini karatasi na povu na ukanda pamoja.

Kisha kipimo cha kichwa. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi, usome sentimita. Helmeti mpya yapasa ikubane mashavu kama mtu aliyeshikwa uso na shangazi. Tikisa kichwa kushoto na kulia. Ikicheza peke yake ni kubwa. Funga ukanda, uache nafasi ya vidole viwili tu. Sasa mwambie mwenzako asimame nyuma yako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, hata sokoni itatoka, sembuse barabarani. Wengi wetu hununua kubwa kwa sababu ya baridi ili tuvae na kofia ya sufi ndani. Ni afadhali kitambaa chembamba cha kichwa.

Kuhusu mdomo wa helmeti, yaani iliyofunika kidevu au iliyo wazi, twapigia kura iliyofunika. Mtu akianguka kwa mbele hutua na uso, na taya lililovunjika hufungwa kwa waya, mtu akanywa uji kwa mrija majuma mengi. Vumbi letu la Nakuru nalo mwalijua, lile jeupe la kiangazi, na mvua ya mawe ya Molo. Kioo cha mbele kiwe cheupe kwa safari za usiku. Kioo cheusi ni cha mchana, na kioo kilichokwaruzwa sana ni adui, kwa maana taa za lori likija hutawanyika juu yake usione kitu. Ukipanda kwenda Mau Summit alfajiri kioo hufanya ukungu. Kifungue upana wa kidole, upepo utaufuta.

Hatusemi helmeti ni dawa ya kila ajali. Madaktari waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakautoa mwaka 2008, waliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hizo ni hesabu kubwa. Lakini si mia kwa mia, na yafaa tujue sababu. Katika kipimo cha Ulaya cha nambari 05 helmeti hugongeshwa chuma kwa mwendo upatao kilomita 27 kwa saa, nao ni kama kuanguka kutoka urefu wa mita tatu kasoro kidogo. Yaani imetengenezwa kwa kichwa kinachoanguka kutoka kwenye kiti cha pikipiki mpaka chini, hata kama pikipiki yenyewe ilikuwa ikienda mbio, kwa kuwa mara nyingi mtu huteleza baada ya kuanguka. Haikutengenezwa kwa kichwa kinachokwenda moja kwa moja katika bamba la lori kwa kilomita 80. Anayesema amevaa helmeti nzuri na kwa hiyo akaze mwendo, amekosa hesabu yote.

Jambo hili halikujulikana zamani. Wazee wetu waliokuwa matarishi wa pikipiki jeshini wangeweza kusimulia. Mwaka 1935 huko Uingereza alikufa T. E. Lawrence, yule askari aliyejulikana kwa vita vya Waarabu. Tarehe 13 Mei alikuwa juu ya pikipiki yake, akawakwepa vijana wawili wa baiskeli, akaanguka, na baada ya siku sita akafa kwa jeraha la kichwa. Hakuwa na helmeti. Wakati ule hata matajiri hawakuvaa. Mmoja wa madaktari waliomtazama alikuwa Hugh Cairns, daktari wa ubongo. Neno lile halikumtoka moyoni. Alikusanya habari za askari wa pikipiki walioumia, na mwaka 1941 akaandika kwamba helmeti zaokoa watu. Hata hivyo raia wa Uingereza hawakulazimishwa na sheria mpaka mwaka 1973. Twawataja hawa ili mjue kwamba ubishi wa "mimi ni dereva mzuri, ya nini helmeti" haukuanza katika steji ya Kaptembwo.

Sasa ninyi mnaopanda kama abiria, nanyi ndio wengi katika mkutano huu. Kofia ya dereva wa boda boda mwaikataa, nasi hatuwalaumu. Imevaliwa na vichwa ishirini tangu asubuhi, ina jasho, na mama aliyesuka nywele jana hataki ziharibike. Lakini angalieni: dereva ana helmeti, abiria hana, nao waanguka pamoja juu ya lami ileile. Mtu apandaye pikipiki mara mbili kila siku ya kazi, mwaka mzima, huyo ni mtu wa pikipiki kama dereva. Anunue helmeti yake, aiandike jina, aiweke kabatini pamoja na chombo cha chakula. Wakati wa kuosha, tumieni maji na sabuni ya kawaida. Petroli na tina hula povu, na rangi ya kupuliza pia si nzuri. Na helmeti ya mtumba ya Gioto, hata ikiwa na alama zote za dunia, hujui ilianguka mara ngapi na nani alikuwa ndani yake.

Baada ya kichwa, mikono. Mwangalie mtoto akianguka, hutanguliza viganja. Mtu mzima naye vivyo hivyo. Kiganja kikipoteza ngozi, mfanya kazi wa nyundo na sururu hana kazi miezi miwili. Glavu za ngozi zilizoshonwa vizuri, zenye kufunga kifundoni, zatosha. Glavu za fundi wa kuchomea ni ngozi kweli, ila ni nzito mno. Huwezi kuisikia klachi wala breki.

Miguu tunayo faida sisi wa reli. Buti za kazi hufunika kifundo cha mguu, nacho ndicho kinachobanwa chini ya pikipiki inapolala. Zifungwe, na kamba zifichwe ndani, zisishikwe na gea au mnyororo. Aliye na buti zenye chuma puani ajaribu kwanza kama kidole chake kinaingia chini ya gea bila shida. Gambuti ni nzuri kwa mvua lakini hutoka mguuni kama soksi. Viatu vya wazi tusiviseme.

Jaketi nene yenye mito ya mabega, viwiko na mgongo ni ghali, na wachache wetu tunayo. Ukipata ya ngozi yenye kukutosha, isiyopepea, shukuru. Desturi ya kuvaa koti mgongo mbele kwa ajili ya baridi ya Elburgon twaifahamu, yazuia upepo kifuani, ila isiwe refu. Kabuti na leso vimekwisha kunaswa na gurudumu la nyuma mara nyingi, na aliyeketi nyuma ndiye avutwaye. Vikinga magoti vipo, hata mafundi wa jua kali huvitengeneza, navyo huvaliwa ndani ya suruali ya kazi. Kuhusu miavuli mikubwa inayofungwa juu ya pikipiki, sisi hatuipendi. Upepo wa lori likipita huishika kama tanga la mashua.

Riflekta ni jambo letu la kila siku, basi hatutasema mengi: riflekta iliyofuliwa mara mia na kujaa vumbi hairudishi mwanga. Ijaribuni usiku kwa tochi, mtu asimame hatua hamsini.

Mtu mwenye fedha kidogo atauliza aanze na nini. Aanze na helmeti, kisha glavu. Buti tayari anazo za kazi. Jaketi na magoti atajengea polepole. Asinunue vyote kwa bei rahisi siku moja, akawa amevaa picha ya kinga.

Tukaja sasa kwa yaliyo nje ya nguo. Tarehe 30 Juni 2023, hapo Londiani Junction, lori lenye kontena liliacha barabara likawaingilia wachuuzi, abiria na watu wa boda boda waliokuwa kando wakingoja riziki. Watu zaidi ya 50 walikufa. Pale hakuna helmeti ambayo ingesaidia. Barabara yetu hii, tangu Gilgil na Mbaruk, hata Salgaa na Sachangwan, ni barabara ya malori mazito kuliko mabehewa mengine tuliyo nayo. Huko Los Angeles, Marekani, profesa Harry Hurt na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki, wakatoa habari mwaka 1981. Waliona kwamba robo tatu ya ajali hizo zilikuwa za kugongana na gari, na katika theluthi mbili za migongano hiyo ni mwenye gari aliyeingilia njia ya pikipiki, mara nyingi kwa kutokuiona. Jingine waliloliona lilitugusa sana: waendeshaji 92 katika kila mia walijifunza wenyewe au kwa ndugu na rafiki. Ulizaneni hapa mkono kwa mkono, nani alifundishwa na mwalimu? Basi taa ya mbele iwake hata mchana, na mtu asijifiche ubavuni mwa lori mahali ambapo dereva wake hawezi kumwona kwa kioo.

Ndugu zangu, hayo ni ya kabla ya kuanguka. Sasa ya baada.

Mwenzenu akianguka, msimkimbilie kumvua helmeti. Shingo ikiwa imevunjika, mkono wa huruma waweza kumpooza. Kama anapumua, mfungulieni kioo, mwambieni asitikise kichwa, mmoja amshike kichwa na shingo zikae zilivyo, wengine wasimamishe magari. Ni pale tu asipopumua ndipo helmeti hutolewa, kwa watu wawili, mmoja akishika shingo. Kumkunja mtu na kumtupa nyuma ya Probox kama gunia la viazi ni desturi yetu mbaya. Tafuteni ubao, mlango, chochote kilicho bapa. Habari ipelekwe polisi iandikwe kitabuni, maana bila hiyo bima haina pa kuanzia.

Mwaijua kazi yetu. Behewa likitoka relini halirudishwi kazini siku ile kwa sababu tu limeinuliwa. Mkaguzi hupima magurudumu, hutazama ekseli na breki. Njia nayo twaitengeneza, twapanga mataruma na kokoto, na gari la kwanza lapita polepole, na la pili, mpaka njia imeshikamana. Tena mwendo hupandishwa kidogo kidogo. Hakuna stesheni masta awezaye kusema, "Mzigo umechelewa, pitisheni tu kwa mwendo wa kawaida." Lakini mwili wa mtu twaupitisha. Mtu anatoka hospitali Ijumaa, Jumatatu yuko juu ya pikipiki.

Mfupa hauna haraka yetu. Mtulinga wataka majuma sita hata kumi na mawili. Mfupa wa paja au muundi wa mguu wataka miezi mitatu hata sita, wakati mwingine zaidi, hata kama umefungwa chuma ndani. Chuma chashikilia, hakiponyi. Daktari ndiye atakayesema, lakini hata kabla ya kumwuliza mtu aweza kujipima nyumbani. Je, aweza kusimama kwa mguu ulioumia peke yake na kushikilia pikipiki isimwangukie? Aweza kubana klachi na breki mara thelathini bila mkono kutetemeka? Aweza kugeuza shingo pande zote mbili kutazama nyuma? Mguu wa kulia waweza kukanyaga breki ghafula? Likikosa moja, bado.

Kichwa ndicho chenye hila. Mtu aliyezimia, au aliyesahau dakika za ajali, aweza kutembea na kucheka huku ubongo wake bado mgonjwa. Akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu, akichukizwa na mwanga, akikasirika bila sababu, akisahau mambo ya jana, asipande pikipiki, wala asipande juu ya nguzo, wala asisimame njiani kupiga honi ya onyo kwa wenzake. Pigo la pili kabla ya la kwanza kupona ni baya kuliko yote mawili. Tena aangalie vidonge. Zile dawa za maumivu makali huleta usingizi. Atakayezimeza asubuhi asiendeshe.

Kuna mwenzetu mmoja, hatutamtaja, aliyeumia njia ya Njoro. Mfupa ukapona. Lakini kila alipoisikia breki ya lori nyuma yake mikono iliganda. Hakumwambia mtu, kwa kuwa alidhani wenzake watamcheka, nao kwa kweli wangemcheka, maana ndivyo tulivyo. Mkewe ndiye aliyetuambia kwamba halali. Basi wawili wetu walikwenda naye kwa miguu mpaka mahali pale alipoanguka, wakasimama nusu saa wakitazama magari. Juma lililofuata aliketi juu ya pikipiki ikiwa imezimwa. Kisha akazunguka uwanjani asubuhi ya Jumapili, akifanya kazi mbili tu: kusimama kwa breki zote mbili bila kuteleza, na kutazama pale anapotaka kwenda, maana mtu akikaza macho shimoni pikipiki humfuata macho yake mpaka shimoni. Baadaye barabara tupu, tena mchana, bila abiria. Ilichukua miezi miwili. Leo aja kazini kwa pikipiki, lakini usiku haendeshi, na hatumcheki.

Mwingine hakurudi. Aliuza pikipiki akanunua baiskeli, na zamu ya alfajiri aja na matatu au alala kwa jamaa Bondeni. Huyo naye amechagua, na si mwoga kuliko mwingine yeyote.

Pikipiki yenyewe ipimwe na fundi asiye rafiki wa aliyeiuza. Atazame fremu kama imepinda, foki za mbele, usukani, rimu, na kama gurudumu la nyuma lafuata la mbele. Pikipiki inayovuta upande mmoja baada ya ajali si tabia yake, ni ugonjwa.

Tumebakiza jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito, nalo ni deni. Wengi wetu pikipiki zimekopwa. Wako wanaofanya boda boda saa za mapumziko ili walipe, na mkopeshaji hapokei plasta. Tulipoulizana kwa nini fulani alirudi barabarani na mguu haujapona, jibu lilikuwa moja kila mara: marejesho ya kila siku. Basi anayekopa asome karatasi kabla ya kutia sahihi, aulize kwa mdomo na aandikiwe: nikiumia, itakuwaje? Aliyeumia aende kwa mkopeshaji juma la kwanza, na karatasi ya daktari, pamoja na mtu wa kamati. Asingoje mpaka pikipiki ikamatwe. Ile bima ya lazima ya mtu wa tatu haitamlipa mwendeshaji mguu wake. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeisha na SHA imeshika mahali pake, nasi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kila mtu ahakikishe yeye na watoto wake wameandikishwa kweli.

Na Sheria ya Fidia ya Kazini ya mwaka 2007? Aliyetumwa na mwajiri kwa pikipiki akaanguka, ameumia kazini. Atoe habari mara moja, na madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Lakini aliyekuwa akienda kazini kwa pikipiki yake mwenyewe, au boda boda, kwa kawaida hana fidia. Sheria yahesabu safari ya kwenda au kutoka kazini kuwa ni kazi pale mwajiri anapotoa gari la kuwachukua watu bila malipo. Sikilizeni tena neno hilo. Gari la zamu ya usiku lingetutoa barabarani saa ile ya hatari, na pia lingetuweka ndani ya sheria.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, idara ya njia yaleta maombi matatu yaandikwe katika kumbukumbu za leo. La kwanza, kamati ipeleke kwa mwajiri ombi la gari la kuwachukua wafanya kazi wa zamu zinazoanza kabla ya mapambazuko na kuisha usiku. La pili, chama chetu cha akiba na mikopo kifungue mkopo mdogo wa helmeti na glavu, ukatwe mshaharani kwa miezi sita, na helmeti zichaguliwe na watu waliokwisha kuzibonyeza povu. La tatu, mwanachama aliyevunjika apewe kazi nyepesi anaporudi, na mfuko wa msaada umlipie marejesho ya pikipiki kwa muda ambao kamati itaona wafaa, ili siku ya kurudi barabarani iamuliwe na daktari.

Maswali twayakaribisha sasa. Jumamosi ijayo, saa nne, kila mwenye helmeti aje nayo hapa tuitazame pamoja, hata ile ya manjano. Tepu ya kupimia kichwa iko kwa Ndugu Katibu.